Tundu la Nne

Kitengela

Dada Resian,

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba mshipi wangu umehamia tundu la nne, la ndani kabisa.

Huku tuko salama. Mvua imekataa, lakini mbuzi wako kule Kajiado wanakula vizuri, karibu kama mimi. Wahu wa hoteli ninakokula aliniuliza, "Kasaine, kwani unakulia watu wangapi?" Nikafikiria kama mfugaji: ng'ombe anayekula na hanenepi yuko na minyoo. Nikanywa dawa ya mbuzi, kipimo cha mbuzi wawili. Nilihara mpaka nikamheshimu mbuzi. Sikunenepa.

Najua huko maabara unachunguza kwa nini ule ugonjwa wa ubongo wa kurithi unafanya mtu ale sana na bado akonde. Ulinieleza kwa simu kwamba kuna kipande kidogo cha ubongo kinachoamrisha njaa, na kinaweza kuharibika hata kabla mikono haijaanza kucheza. Nikakwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jana chai ilinimwagikia mezani. Mkono ulicheza wenyewe, kama wa Baba ile miaka ya mwisho, watu wakisema ni pombe.

Ile damu unayonisihi nikapimwe, nitaenda kuitoa Jumatatu. Usinipigie ukilia, utaniharibia hamu ya kula.

Na lile tundu la nne sikulitoboa mimi. Nililikuta. Mshipi ulikuwa wa Baba.

Ni mimi kakako,
Kasaine