Sauti Anayoisikia Baba

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto, nikiamini wote mnaendelea vyema. Sisi huku ni wazima, isipokuwa masikio ya Baba, na hayo ndiyo yaliyonikalisha kitako nikuandikie.

Ulilalamika kwamba hata ukimuuliza hali yake kwenye simu, anakujibu "asante, nawe pia" kisha anakata. Si kiburi. Daktari wa masikio ametueleza kuwa sauti nyembamba zimempotea, zimebaki nene tu. Mama, unavyoijua sauti yake ya filimbi, ameumia kuliko sote. Wale waliokuwa wakipiga soga hadi chakula kinaungua, sasa wanakaa sebuleni kama abiria wasiojuana.

Daktari alishauri tumtafutie muziki wa sauti za chini, asije akazoea ukimya. Nikaenda kwa muuza santuri wa mtaa wa nyuma. Alinipangia kama mfamasia: gita la besi asubuhi, kwaya ya wanaume baada ya kula, na tarumbeta kubwa, lile la kuvaliwa begani, kwa wagonjwa walioshindikana. Gita lilimfanya Baba atikise mguu, glasi zikatembea kabatini. Kwaya ilimlaza. Tarumbeta lilimleta jirani, akauliza kama siku hizi tunafuga ng'ombe ndani.

Basi nikamwekea rekodi yangu mwenyewe, ambayo haiuzwi dukani: mwanamume anaimba peke yake, sauti kama inatoka chini ya sakafu. Baba aliomba irudiwe, ikarudiwa wiki nzima. Akasema huyo ndiye mtu pekee anayeeleweka humu ndani, na angemjua angempa chochote atakachoomba.

Kaka, nikamkamata kwa neno hilo. Unamkumbuka yule fundi bomba aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni, maji yakafika hadi uvunguni mwa kitanda, Baba akamfukuza na kumkataza asikanyage kwetu tena? Ndiye. Nilimrekodi akiimba ndani ya tangi tupu alilokuwa analisafisha. Na ni mchumba wangu tangu mafuriko yale. Mama alijua. Mliobaki gizani ni wewe na Baba.

Baba alizima muziki, nikadhani ameghairi. Kisha akasema aletwe.

Alikuja Jumapili. Alipoamkia tu, Baba akamsogezea kiti karibu yake. Mama naye akainama, akamnong'oneza mgeni sikioni. Mchumba wangu akakohoa kwa adabu, akanguruma: "Mzee, Mama anasema shati umelivaa ndani nje. Anakwambia tangu juzi."

Baba alijitazama kifuani, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza, taratibu, kama Mama ana lingine.

Mama alikuwa nayo ya miezi. Tuliwaacha watatu hao sebuleni mpaka giza likaingia.

Wazee watakutana mwezi ujao kupanga harusi, na nafasi yako ipo. Msalimie sana wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba