Nambari Nne ya Lori la Vita

Jumanne. Mvua tangu alfajiri. Nimeloa mpaka moyoni.

Leo nimeharibu kazi.

Nafanya Changamwe, yadi ya mzee mmoja anayefufua malori ya vita vya pili vya dunia. Mimi napaka alama: nyota, herufi, nambari. Kila lori, mzee anayo picha yake ya zamani, na anataka alama zitoke vilevile.

Stensili zote za kupitishia rangi alizikata marehemu mke wangu, Mwanaisha. Mimi kusoma ni kwa shida. Yeye alikata kwa wembe, kwenye filamu kuukuu za eksirei, maana hazilowi rangi. Hospitali walikuwa wakizitupa. Siku hizi mambo yote kompyuta, huzipati.

Asubuhi, stensili ya nambari nne ikanichanikia mkononi. Nikakata nyingine kwa katoni, ikalowa, rangi ikavuja. Nikafuta. Nikachora kwa mkono.

Mzee akaja, akainamisha kichwa upande kuitazama.

"Fundi, nne hii imelewa?"

"Kwani askari wa vita hawakuwa wakilewa, mzee?"

"Walilewa wao. Lori halikulewa. Futa. Kesho nataka nne iliyonyooka, ama nitafute mtu mwingine."

Filamu moja ninayo. Iko chini ya godoro.

Ni kifua cha Mwanaisha.

Hakupenda kupigwa picha, hata kwa simu alikuwa akijifunika mtandio. Ya kitambulisho ilikwenda na kitambulisho, walikichukua nilipoandikisha kifo. Uso wake sina. Nina mbavu zake, na lile doa jeupe lililomuua.

Siku tuliyotoka nayo hospitali alicheka. "Baba Zuhura, filamu safi hii. Nikifa usiitupe, inatosha kukatia hata nambari sita."

Nikamwambia nyamaza.

Jioni nimevuka feri, nimefika nyumbani, mtaa wa Shika Adabu, nimeitoa. Nimeiinua dirishani kutafuta pahali ambapo yeye hayumo. Papo. Juu ya bega, kwenye pembe, ni weusi mtupu. Nne inaenea. Nikaweka wembe juu yake.

Ruhusa alinipa mwenyewe. Wallahi alinipa.

Mkono haukwenda.

Nimeirudisha chini ya godoro, upande aliokuwa akilala. Kesho naenda na brashi na uzi wa kunyooshea mistari. Nitaichora nne hiyo mpaka inyooke. Akinifukuza, anifukuze.

Madaktari walimkata mara mbili. Mimi simkati.