Maji ya Mfongo

Mjukuu wangu Elibariki,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia salama. Bibi yako magoti yanamsumbua, na ng'ombe amezaa dume tena. Kahawa tumeing'oa, hilo sitaki kulizungumza.

Unauliza ufanye nini hilo gari lako la mtumba likichemsha njiani. Zima, ukae, usubiri lipoe. Mimi sikusubiri.

Mama yangu alipotolewa hospitali, daktari aliniambia hatamaliza siku mbili. Mama alitaka jambo moja tu, kufika kihambani kwake, shamba la nyumbani. Nikampakia kwenye pikapu yangu kuukuu, tukapanda mlima. Tulipobakiza kona moja, rejeta ikafuka mvuke, gari likagoma.

"Acha lipoe, mwanangu," akasema. "Mimi nipo."

Nilimwona anahema kwa shida. Nikachota maji ya mfongo, ule mfereji wetu unaoteremka kutoka msituni, ya baridi ya kung'ata vidole, nikayamimina kwenye rejeta injini ikiwa bado ya moto. Nikasikia mlio, kaa! Silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepasuka.

Nikakimbia nyumba hadi nyumba kutafuta watu wa kumbeba. Tuliporudi, saa nzima ilikuwa imepita, naye ameshakata roho, uso ameuelekeza juu kwenye migomba yake.

Baadaye fundi aliniambia kwamba nusu saa ingetosha injini kupoa.

Padri alisema ni mapenzi ya Mungu. Nilimwitikia, lakini najua ni maji, na mkono uliomimina ni huu ninaokuandikia.

Alisema yupo. Sikumwamini.

Babu yako,
Old Moshi