Video Mbichi za Placide

Jumatatu, 3 Machi

Umeme umerudi baada ya chai. Nimewasha kompyuta, nimechomeka diski, nimeendelea na harusi ya mtaa wa Hewa Bora. Wenye harusi wanangoja tangu kabla ya msiba. Kazi ni kazi.

Kazi ni ileile ya miaka yote. Placide anapiga video, mimi nakata. Alikuwa anapiga. Sijazoea. Na kitu cha kwanza ninachokata ni sauti yake. Mume wangu hakujua kunyamaza nyuma ya kamera, kutwa kuwasogeza watu. "Musongee! Musongee! Mama wa mariée, macho huku!" Mama wa bibi harusi hataki kumsikia mpiga video akifoka kwenye harusi ya mwanawe. Nafuta, naweka wimbo juu yake.

Leo nimefika pale anapofoka. Kidole kiko tayari. Nimeshindwa. Nimerudisha nyuma nikasikiliza. Nikarudisha tena. Mpaka umeme ukakatika.

Picha yake ya maana hakuna. Kamera alishika yeye siku zote. Sauti ndiyo iliyobaki, na yote imo ndani ya hii diski moja.

Jumanne, 4 Machi

Yaya Banza amekuja. Kaka mkubwa wa Placide. Hakukaa, alisimama mlangoni na kofia kichwani. Baraza la familia limeketi. Sikuitwa. Kamera waliibeba siku ya mazishi, mimi nikiwa bado kwenye mkeka. Sasa wanataka kompyuta na diski.

Nimemwambia nusu ya kazi ile ni mikono yangu.

"Weye ulikuwa unamusaidia tu," akasema. "Bintu bya ndugu yetu binarudia ku familia."

Kusaidia! Nimemkazia macho mpaka akaangalia pembeni. Hatukujaliwa mtoto, ndiyo sababu wananisemesha hivi. Simpi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kunakili. Kompyuta haina betri tena, umeme ukiyumba inazima. Umeyumba mara kadhaa. Faili zilizofika kwenye flashi hazifunguki. Simu yangu ya vitufe haifai kwa mambo haya. Mama Rehema, jirani yangu muuza vitenge, ataniazima diski ya mwanawe na betri kubwa ya dukani. Jumapili, baada ya misa. Familia yao ni Waislamu wa Maniema, lakini ratiba ya misa yangu anaijua kuliko mimi.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani, kufuli imevunjwa. Mezani pamebaki alama safi kwenye vumbi pale kompyuta ilipokaa. Diski pia. Hata waya.

Walikuwa Yaya Banza na wapwa wawili. Mchana kweupe, wakisalimia majirani.

Mama Rehema alifika na diski yake mkononi. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumatano, 12 Machi

Wamegundua kuna neno la siri. Sasa mimi ni shemeji mpendwa. Simu asubuhi, simu mchana. Nimeweka sharti langu: waniletee mashine, ninakili sauti ya mume wangu, kisha neno la siri nawapa na mashine waende nayo. Yaya Banza amesema siwezi kufanya biashara na maiti.

Basi. Sitoi hata herufi moja.

Mama Rehema anasema nilegeze kidogo. Nimemjibu: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Akacheka, akaniongezea chai.

Jumamosi, 15 Machi

Imefutwa.

Walipeleka kwa fundi. Neno la siri hakulipata, akachukua njia ya mkato, akafuta kila kitu na kuanza upya. Diski ilikuwa imechomekwa, nayo akaisafisha. Yaya Banza amenipigia na furaha zake. "Inafunguka sasa. Ile mot de passe yako, baki nayo." Nikamwuliza kama ameona faili za harusi. Akasema mashine iko safi kabisa.

Safi. Hajui hata alichofanya.

Nimekaa chini jikoni, sijui muda gani. Miaka yote ya sauti yake. Nakala walizo nazo wateja hazinisaidii kitu, nilizikata mwenyewe na nilizikata vizuri. Zamani Placide alikuwa na ugonjwa wa kugawa video mbichi. Kabla sherehe haijaisha, tantine fulani, shangazi wa bwana harusi, anamjia na simu: nirushie sasa hivi, siwezi kungoja. Naye anaitoa kwenye kamera, anarusha simu kwa simu, yote, na kelele zake. Watu wa mji huu hawana subira. Tuligombana sana kwa jambo hilo. Nilimwambia kazi isiyokatwa inatuaibisha. Akaniapia kwamba ameacha. Ndiyo hivyo, aliacha.

Nimejiuliza ingekuwaje kama ningetoa lile neno. Hapana. Huo mzigo sibebi. Kidole kilichobonyeza si changu.

Jumamosi, 22 Machi

Kuondoa matanga, uani kwa Yaya Banza. Nilitaka nisiende. Nimeenda, nimevaa kitenge kipya, nimekaa mbele kabisa. Wasiponiita nitakaa. Wakiniita nitakaa vilevile.

Wajukuu wakafanya mambo yao, maana siku hiyo mjukuu ana ruhusa ya kumcheza marehemu na hakuna wa kumkaripia. Mjukuu wa Yaya Banza, msichana mnene mwenye vituko, akavaa koti la Placide lenye mifuko mingi. Kamera ya katoni. Akapita katikati ya watu akiwasukuma. "Musongee! Musongee!" Ua wote ukacheka. Mimi pia nimecheka, sikutaka.

Halafu ikanikera. Si sauti yake. Aliifanya nyembamba mno. Nikawaza, mwaka ujao wote humu watakumbuka hii ya katoni na mimi nitaikumbuka pamoja nao.

Hapo Tantine Charlotte wa Ruashi akapaza sauti. Tulipiga harusi ya binti yake mwaka jana.

"Hapana vile! Placide hakusemaka vile. Mungojee."

Akatoa simu kwenye kifua. Akabonyeza. Akainua juu.

Ikatoka sauti yake. Nzito, imekwaruza, na kile kikohozi cha katikati. "Musongee, bamama. Weye mwenye kilemba, unafunika bantu."

Hakuna aliyecheka. Yaya Banza alikuwa ameshika sahani, akabaki ameishika tu.

Nilienda kwa Tantine Charlotte. Nikamwuliza ameipata wapi. "Alinirushiaka yote pale pale ku fête ya harusi," akasema. "Akaniambia: usiambie bibi yangu."

Mwongo. Mwongo wangu mkubwa. Hakuacha hata siku moja.

Jumapili, 23 Machi

Nimelia tangu asubuhi, lakini kilio hiki ni kingine.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanza. Mama Rehema amenipa kompyuta ya mkononi ya mwanawe na simu ya zamani yenye nafasi. Jina la kila mteja ninalo kichwani, maana nimewaangalia nyuso zao kwa wiki nzima nzima nikiwakata. Nawapigia mmoja mmoja. Placide alikurushia mbichi? Wote wanaanza kwa kukana, wanamlinda. Nawaambia hayupo wa kugombezwa tena. Ndipo wanacheka, wanasema ndiyo.

Wengine wananitumia kwa mtandao. Inafika imebanwa, sauti imekuwa ya kopo. Nakataa. Nataka ile yenyewe, simu kwa simu. Nitakuja mpaka kwako.

Alhamisi, 27 Machi

Yaya Banza amepiga simu kwa watu. Amewaambia sauti ya marehemu haizungushwi mitaani, yeyote asinipe kitu. Ameaibika, hiyo ndiyo sababu. Ua mzima unajua sasa nani alifuta nini.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Leo nimetembea Ruashi nzima kwenye matope na viatu mkononi. Nyumba ya tatu walikuwa wamekatazwa. Mama mwenye nyumba akaweka simu yake mezani, faili imefunguliwa, akasema anaenda kuangalia ugali. Ugali ule ulichukua muda mrefu sana. Nikachukua zote. Aliporudi akaniuliza kama jua ni kali huko nje.

Kutoa ni moyo.

Jumamosi, 29 Machi

Wenye harusi ya Hewa Bora nao walirushiwa. Ile ile niliyokuwa naikata! Kumbe kazi yangu ya mwisho imo kwenye simu ya mama wa mariée tangu siku ya sherehe, na bado alikuwa ananidai yangu. Nikamwacha acheke mpaka amalize.

Humo ndani kuna kitu. Watu wanakula, Placide ameweka kamera juu ya meza bila kuizima. Inaonekana chupa na kiwiko cha mtu. Simu yake inalia. "Georgine. Anza kula, usiningojee. Hapana, sijakasirika. Wee ndo umekasirika." Anacheka. "Niachie kidogo."

Georgine ni mimi. Siku ile nilikuwa nimenuna. Sikumwachia.

Hii simpi mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Sikutoka. Nimepanga faili zote, kisha nimenakili mara mbili: diski moja kwangu, moja kwa Mama Rehema ndani ya rundo la vitenge. Aje sasa avunje kufuli.

Jumapili, 6 Aprili

Yaya Banza amekuja peke yake. Safari hii alivua kofia. Alikaa kabla sijamkaribisha, akaangalia meza ile waliyoiacha tupu, akaangalia mikono yake.

"Shemeji," akasema, "mi sina hata moja."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa wiki nyingi. Makali, yote ya kweli. Nimeyatafuta, sikuona pa kuyaweka. Lakini sikumwambia si kitu. Ni kitu. Nimemwambia kamera irudi kesho. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikamtafutia moja ya Ruashi. Placide anafoka: "Yaya Banza, rudia nyuma, unafunika mariée!" Nikaweka simu yangu ya kuazima na yake mezani, bega kwa bega. Nikamwambia asiiguse, akiisogeza itakatika na tutaanza upya. Faili ni kubwa. Tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kila mara aliinama kuangalia kama inaendelea.

Ilipofika hakuifungua. Akaitia mfukoni, akafunga kifungo, akaaga.

Nimewasha kompyuta. Nimemaliza harusi ya Hewa Bora. Nimekata mikate iliyoanguka, nimekata mlevi, nimekata yale aliyoniambia kwenye simu. Wimbo nimeweka chini chini. Kufoka kwake nimekuacha kote, tangu mlangoni mwa kanisa. Mama wa mariée akilalamika kwamba kuna mtu anapiga kelele humo ndani, nitamwambia ndiyo, yupo.