Kitambaa cha Usukani Nilichokifua

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila hiyo, hata kwenye karatasi. Mama mzima. Chumba cha uani bado kinavuja. Tangu tukuzike sijalia hata mara moja. Msibani watu walinisifu kwamba nina moyo wa uvumilivu, kumbe ni ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Nina jambo la kukwambia, na nitalisema kabla sijaanza kuzunguka. Ile siku gari la wageni lilipopinda mguu pale yadi, hukusahau kufunga kitambaa. Ulikifunga vizuri. Mimi ndiye niliyekifungua.

Unakumbuka ulivyonipeleka kazini? Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, nimejaa tele nyumbani Mbagala, ukachoka kuniona na simu. "Kesho tunatoka wote," ukasema. "Na uvae viatu, siyo hivyo vindala vyako." Yadi ilikuwa Temeke, ya magari ya kukodisha watalii, yale makubwa yenye kitanda na jiko ndani. Chini ya kila gari kuna miguu minne ya jeki inayoshuka kwa nguvu ya oili, ili gari likae sawa hata pale ardhi ilipoinama. Nikakuuliza kazi ya fundi ni ipi hapo, wakati kuna kitufe.

"Kubonyeza hata mbuzi anabonyeza," ukanijibu, ukanipeleka Keko.

Tulizunguka kwa maseremala asubuhi nzima tukiokota mabaki ya mninga. Ulikuwa unakigonga kila kipande kwa kidole na kukisikiliza. Mimi nilikuletea ubao mmoja mzuri, unang'aa, nikijiona nimepata. Ukaugeuza, ndani ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. "Huu wa kuwekea televisheni, mama. Ukinywa maji unakuwa uji, na mguu wa gari unazama." Maseremala wakanicheka, nawe ukacheka nao. Nilinuna mpaka tulipofika yadi.

Siku hiyo ulinifundisha mengine yote. Handbreki kwanza, kisha vizuizi kwenye magurudumu, kisha ubao chini ya kila mguu. Kushusha ni miwili ya mbele pamoja, halafu miwili ya nyuma, polepole, jicho kwenye pima maji. Nilipobonyeza mpaka tairi la nyuma likaanza kuachana na ardhi, ulinipiga kofi mkononi. "Tunalinyoosha gari, hatulinyanyui!" Mguu uliotoka wote hauna nguvu, ulisema, na kama ardhi imeinama sana, hamisha gari, usiulazimishe. Kuingia uvunguni gari likiwa limesimama kwa miguu hiyo ilikuwa haramu kabisa. Na kabla ya kuipandisha, futa mchanga kwenye chuma chake, maana mchanga ukiingia ndani unakata mpira na oili inaanza kuvuja.

La mwisho lilikuwa lako peke yako. Miguu ikiwa chini, usukani unafungwa kipande cha kanga kuukuu ya Mama, asije mtu akaondoa gari. Hakifunguliwi mpaka uzunguke na kuiona miguu yote minne imepanda. Bosi alikwambia ndani kuna taa ya kuonyesha kama miguu iko chini. "Taa inaungua, bosi. Kanga ya mke wangu haiungui."

Asubuhi ile wageni walikuwa wanakuja kuchukua gari, nami nilikuwa nasafisha ndani, miguu bado iko chini. Kitambaa kilikuwa kimeshiba oili, kinanuka. Niliona aibu mgeni akikute. Nikakifungua, nikakifua, nikakianika kwenye uzio, nikiamini nitakirudisha nikimaliza kupiga deki. Wewe ukatoka stoo, ukaona usukani mtupu, ukawasha gari. Ulikwenda hatua mbili tu. Mguu wa nyuma ukapinda kama kijiko.

Ulishuka, ukautazama usukani muda mrefu. "Nimesahau kufunga," ukamwambia bosi. "Kichwa kimezeeka."

Nilikuwa nimesimama na ndoo. Kanga ilikuwa inachuruzika maji nyuma yako, hakuna aliyegeuka kuitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema, Baba, siwezi kusingizia kwamba sikuipata. Niliogopa kufukuzwa. Mlipoondoka nikaianua mbichi vile vile nikaitia kwenye mkoba.

Wiki ile ile ukarudisha funguo. Bosi alikusihi ubaki, ukakataa. "Abaki Mwanahawa, yeye bado anakumbuka." Nikabaki. Nimekuwa fundi wa miguu yote ya yadi ile, nami kila jioni nilirudi nyumbani nikikukuta umekaa kibarazani, nikajiambia kesho nitamwambia. Miezi tisa ya kesho. Halafu presha ikakuchukua kati ya asubuhi na adhuhuri, mimi nikiwa kazini.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua uso mpaka ungo ulipokwisha.

"Tangu aache kazi, kila siku alikuwa ananiuliza, nimeshaswali Adhuhuri? Namwambia umeshaswali, mume wangu, nimekuona. Haniamini. Anainuka na magoti yake yale, anatawadha, anaswali tena. Siku nyingine mara tatu." Akaweka ungo chini. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Mama."

"Mie usiniombe radhi. Mwombe mwenyewe."

Akaingia ndani, nikamsikia analia upya, kilio cha siku ile ya kwanza. Mimi nilibaki pale na ungo. Niliosha mchele, nikaubandika, nikangoja nione kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja.

Kwa hiyo nakuomba radhi hivi hivi nilivyo, bila machozi. Sikuharibu gari tu, nilikuharibia imani yako juu ya akili yako, nayo ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho. Lala, Baba. Mama alikuwa anakwambia kweli. Ulikuwa umeshaswali.

Ni mimi, binti yako.