Kompyuta ya Mama Haiendi Jalalani

Steinvik, Manitoba
3 Novemba

Mwanangu Lára,

Pokea salamu kutoka huku kwenye barafu. Hujambo? Wanao hawajambo? Huko Halifax mvua zimepungua? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua, na masikio ndiyo hayo hayo. Ukinipigia simu nasikia nyuki tupu, kwa hiyo tuendelee kuandikiana. Mzee mwenzangu Ingimar anakusalimu, ingawa leo hastahili hata kutajwa.

Lára, nimekasirika. Kila nikiwasha kompyuta, kioo kizima kinajaa maneno: muda wa mfumo huu umekwisha, hatukulindi tena, nunua kompyuta nyingine. Ebo! Kompyuta imeharibika wapi? Inawaka. Inaandika. Inaimba. Nani aliwapa ruhusa ya kuingia jikoni kwangu kunitangazia kwamba kitu changu kimekufa?

Nikafanya kosa la kulisema hilo kwenye meza ya kahawa pale duka la ushirika. Ingimar akaniambia, "Valdi, huo ni mzoga. Nikienda jalalani nitapita kwako tuupakie." Wazee wote wakacheka. Nikamwambia, "Trekta lako lina umri mkubwa kuliko mchungaji wetu na bado unalimia. Anza kupeleka hilo." Akanywa kahawa yake.

Wao hawajui mle ndani mna nini. Wewe unajua. Mna sauti ya mama yako. Amekaa karibu na oveni, miezi michache kabla hajatutoka, ananifundisha kuoka vinarterta, ile keki yetu ya Kiaislandi ya matabaka na plamu, mimi nimevaa aproni yake kama mjinga. Nilimwambia, "Sólrún, sitaandika, mkono wangu mbaya, nitakurekodi." Krismasi iliyopita nilioka kwa kumsikiliza, kwa zile spika kubwa nilizoazima ukumbi wa kijiji kwa ajili ya masikio haya, na wanao walikula mpaka makombo. Krismasi hii nataka kuoka tena. Bila ile sauti sijui hata iliki inaingia saa ngapi.

Flashi uliyonitumia imefika. Unasema ndani mna mfumo mwingine, Linux Mint, wa watu wanaoanza, na ni wa bure. Wa bure kwa nini? Rahisi ni ghali, mwanangu. Nani anampa mtu kitu bure siku hizi?

Nijibu upesi.

Baba


Halifax
10 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, mvua ndiyo mwenyeji na sisi ni wapangaji. Wajukuu wako wanauliza kama keki itakuwepo, na kama goti lako limepona. Nimewajibu keki ndiyo, goti sijui.

Mimi nawe tumekasirikia kitu kimoja. Kazini kwetu wametupa kompyuta chumba kizima, nzima kabisa, kwa sababu ya maneno hayo hayo. Nimeumia sana. Mfumo huu ni wa bure kwa sababu kuna watu duniani wenye hasira kama zako, ila wao wakikasirika wanakaa chini wanatengeneza.

Nilikuomba mwaka jana nije nitoe nakala ya sauti ya Mama, ukaniambia hakuna mtu atakayemgusa. Sawa, simgusi. Fanya hivi tu. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa. Mfumo mpya utafunguka kutoka kwenye flashi, wa zamani utakuwa umelala chini yake. Ni kujaribu tu. Utaona kialama cha kusakinisha, yaani kuuweka mfumo ndani ya kompyuta moja kwa moja. Usikibonyeze mpaka tuelewane. Usipoupenda, zima, chomoa flashi, na kila kitu kitakuwa kama ulivyokiacha.

Na usiwaulize wazee wa meza ya kahawa. Tafadhali.

Bintiyo


Steinvik
24 Novemba

Mwanangu Lára,

Marahaba. Hali zenu? Mimi sijambo, goti limetulia tangu nilipoacha kupanda darini. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na jirani Hallfríður, yule muuzaji wa duka la ushirika, ameanguka lakini hakuvunjika, anakusalimu.

Nimejaribu. Nakiri kwa shingo upande kwamba kitu chako kinafanya kazi. Kimefunguka kimya kimya, hakikunidai jina la paka wangu wala tarehe ya ndoa. Menyu iko pale chini kushoto ilipokuwa. Hakuna tangazo hata moja! Nilikaa mbele yake nikisubiri kinitukane, hakikunitukana. Ingimar alikuja kuona, akazunguka meza nzima akitafuta mahali pa kukosoa, akaishia kusema rangi ya kijani haimpendezi. Nikamwambia na yeye hampendezi mtu.

Sasa sikiliza. Kuna programu ya kuandikia humu, nzuri, na mimi nimeanza kuwaandikia wale jamaa wa kampuni ya mfumo wa zamani. Barua ya malalamiko. Mwanzo nilidhani itakuwa ukurasa mmoja, lakini kila nikimaliza jambo hasira inanikumbusha jingine. Nimeeleza habari za majalala, nimeeleza habari za wajane wanaotishwa na maandishi mekundu, nimeeleza hata habari za trekta la Ingimar. Kila asubuhi baada ya kahawa naongeza. Haijawahi kuandikwa barua kama hii Manitoba yote. Nikimaliza nitaichapa na kuituma kwa rejista, na wataisoma wakiwa wamesimama.

Umesema nizime. Thubutu. Wewe umesahau ulikozaliwa? Huku kitu kikishawaka majira ya baridi hukizimi. Gari nalichomeka kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande, jiko la kuni halilali, na kompyuta nayo haijazimwa tangu siku ile nilipochomeka flashi yako. Inaunguruma kidogo, ina joto, paka analala juu yake. Tumeridhika wote.

Mama yako simwoni kwenye mfumo huu, lakini umesema amelala chini yake. Basi alale. Nitamwamsha wiki ya kuoka.

Baba


Halifax
1 Desemba

Baba,

Shikamoo, natumaini barua hii inakukuta salama. Nimeichekea yako mpaka nikafika pale uliposema hujazima, kicheko kikakauka.

Kosa ni langu, sikukueleza. Mfumo unaotumia ni wa majaribio, Baba. Kila ulichoandika kinaelea kwenye kumbukumbu ya muda. Humo hakuna kinachohifadhiwa. Umeme ukikatika hata kwa kufumba jicho, barua yako yote inapotea. Nenda ushirika leo ununue flashi nyingine, unakili barua yako humo, au uichape sasa hivi kama ilivyo. Usingoje umalize hasira. Hasira zako nazijua, hazina mwisho.

Nakuomba, Baba. Leo hii.

Bintiyo


Steinvik
8 Desemba

Lára,

Sikusalimu.

Dhoruba ilitupiga usiku wa Jumatano, nguzo zikalala kutoka hapa mpaka barabara kuu. Umeme umerudi leo. Barua yako nayo imefika leo, vimekuja pamoja, mtu wa posta mbele na mafundi nyuma. Asante sana kwa onyo.

Nimewasha. Kimefunguka kama hakijawahi kuniona maishani mwake. Barua yangu hakuna. Jasho langu la wiki zote hizo, hakuna! Hilo ningelimeza. Nimeandika barua moja, naweza kuandika nyingine, hasira ninazo.

Lakini nikafungua folda ya muziki. Tupu. Nyaraka, tupu. Picha, tupu. Nikasoma tena barua yako, nawe umeandika kwa mkono wako: humo hakuna kinachohifadhiwa. Hakuna! Kama kimesahau barua niliyoandika wiki iliyopita tu, kitamkumbukaje mwanamke aliyesema nacho mwaka juzi?

Muda wote huu nimekuwa mwangalifu. Niliwafukuza mafundi. Nilikufukuza hata wewe. Halafu nikakuamini kidogo, mara moja tu, na umemfuta mama yako. Nilimzika mara moja, Lára, na ile mara moja ilinitosha.

Usiniambie habari za watu wa bure. Nimeichomoa kompyuta nyaya zote, nimeifunga kamba na flashi yako ikiwa bado ndani yake, imekaa kwenye baraza la nyuma na majembe ya theluji. Ingimar anakwenda jalalani Jumamosi. Nimemwambia apite.

Keki haitakuwepo. Waambie watoto.

Thorvaldur


Ujumbe wa simu, kwa Mzee Ingimar
Ijumaa, 12 Desemba

Mzee Ingimar, shikamoo. Ni Lára. Barua ya Baba imenifikia sasa hivi na ya kumjibu haiwezi kumfikia kabla ya kesho. Nenda kwake umsomee haya, mdomo karibu na sikio la kulia, kwa sauti, bila kuongeza yako.

Baba, ile kompyuta haiendi jalalani. Nasema haiendi!

Flashi haijamgusa Mama. Haijui hata kama yupo. Folda ulizofungua zilikuwa makabati ya flashi, na ya flashi ni matupu kwa sababu ni mapya. Makabati ya Mama yamo kwenye diski ndani ya kompyuta, na hakuna mtu aliyeyafungua. Ingiza kompyuta ndani, iache ipate joto nusu siku isije ikatoa jasho la baridi ikaharibika. Chomoa flashi. Kisha washa. Basi.

Na jambo jingine, usikie vizuri. Umeniandikia kwamba nimemfuta mama yangu. Umeandika na kuweka stempu, ukatembea na hilo neno mpaka posta, na njia nzima hukuona aibu. Alikuwa mkeo, ndiyo. Mimi nilikuwa nani? Mwaka mzima umemfungia ndani ya ile nyumba kama mali yako peke yako. Mimi sauti yake sina hata ya kuniambia habari ya asubuhi. Nilikuomba nakala ukanifukuza. Hasira hasara, Baba, na hasara hii ungeipakia mwenyewe kwenye gari la Ingimar.

Sitaandika tena mpaka uniandikie wewe.

Bintiyo, ukitaka usitake.


Steinvik
15 Desemba

Mwanangu Lára,

Salamu nyingi, za leo na zile nilizokunyima juma lililopita. Hujambo? Wanao hawajambo? Hujala neno langu likakukaa kooni? Mimi mwili ni mzima.

Ingimar alikuja na simu yake, na wazee wote wa meza ya kahawa nyuma yake, kwa sababu yule mtu hajawahi kubeba habari peke yake. Alinisomea kwa sauti iliyowatoa ndege kwenye paa. Alipofika pale pa "mimi nilikuwa nani" akaacha kusoma, akaniambia, "Valdi, haya mengine soma mwenyewe." Nikasoma mwenyewe.

Tukaiingiza ndani. Tukanywa kahawa chungu nzima tukiisubiri ipate joto, kila mmoja akiigusa kama ng'ombe mgonjwa. Nikachomoa flashi. Nikawasha. Yale matangazo yakatokea, nunua, nunua, na safari hii, Lára, niliyafurahia, maana nilijua niko nyumbani. Nikafungua folda. Yupo.

Nikaziwasha zile spika za ukumbi. Mama yako akasema, "Valdi, nawa mikono, nimekuona ulikuwa na paka." Wazee wamevua kofia. Akatufundisha unga, akatufundisha plamu, akanifokea habari ya iliki. Tukaoka papo hapo, mimi na wale wapumbavu, kila mmoja na tabaka lake. Halafu akasema, "Na Ingimar akija akakwambia uweke sukari ya maji juu, mfukuze. Mama yake ndiye aliyewaharibu wote kwao." Ingimar akasema, "Nipo hapa, Sólrún," kisha akatoka nje kuangalia gari lake, na alikaa huko muda mrefu.

Sasa kuna jambo sikulijua. Mwaka jana nilizima keki ilipotoka kwenye oveni. Nilidhani ndiyo mwisho, na nilikuwa nimeshachoka kulia. Safari hii mikono yetu yote ilikuwa na plamu, hakuna aliyekwenda kuzima, ikaendelea. Kulikuwa na vyombo vinagongana, kiti kinasogea. Nikajisikia mwenyewe humo nalalamika kwamba Lára amesema nikimaliza kurekodi ninakili mahali pengine, kwamba msichana huyu ananifundisha kazi. Na mama yako akasema, taratibu, kama anavyosema akichoka: "Mpe, Valdi. Akikuomba kitu changu, mpe. Na usimfokee, hasira zile amezitoa kwako, na hana pengine pa kuzipeleka."

Nilikuwa nimekaa juu ya maneno hayo mwaka mzima.

Nimenunua flashi kwa Hallfríður dukani na nimenakili. Moja anayo Ingimar, kaiweka kwenye kabati la bunduki. Yako imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwenye soksi ya mama yako ya sufu isije ikavunjika. Isikilize ukiwa umekaa.

Mfumo wako nitausakinisha, ila kando ya ule wa zamani, si badala yake, na si mpaka uwe umesimama nyuma yangu. Barua ya malalamiko nimeianza upya. Safari hii nachapa kila ukurasa.

Njoo Krismasi na watoto. Keki imefungwa kwenye kitambaa, inalainika. Haina sukari juu.

Nifokee ukifika.

Baba