Hanif Gilchrist, Aliyekataa Kukisia Nasaba za Watu

Ni mwaka kamili sasa, ndugu yetu Hanif, tangu Mola alipokuita baada ya swala ya alasiri, ukiwa bado na udhu.

Twakumbuka upole wako. Hapa Fayetteville, Marekani, hukumpita mtu bila salamu, na uji wako wa mahindi wa Jumamosi majirani waliuonja kabla yetu.

Miaka kumi na tisa ulikuwa karani wa takwimu chuoni, ukikusanya fomu ambamo wanafunzi hueleza asili zao, ili chuo kitoe taarifa serikalini. Mwaka mmoja fomu mia mbili na sita zilirudi na kisanduku cha asili kitupu. Mkuu wako, Bi. Corliss, akakujia mezani.

"Hanif, picha za vitambulisho si zipo? Tazama sura, jaza, tumalize. Taarifa inaondoka Ijumaa."

"Bosi, hata mimi ukinitazama utakosea. Baba yangu ni Mweusi, lakini mama yangu ni Mlumbee, wa kabila la wenyeji wa nchi hii kabla ya wote."

"Ukiniletea 'haijulikani' mia mbili, meza hii utaiaga."

Ukachelea zaidi kumsemea mja usilolijua. Ukashika simu, ukawapigia mmoja mmoja, siku nne.

"Mzee, chuo kizima hamjui mimi ni nani?" kijana mmoja alikucheka. "Kwani naonekanaje?"

"Mwanangu, sikuoni. Ndiyo maana nauliza."

"Basi mama Mlumbee, baba wa Meksiko. Na usinipunguze upande."

Hukumficha: ukamweleza kuwa taarifa ya serikali itamhesabu kwa upande wa baba peke yake, maana kwa kanuni zao mwenye asili ya Kilatino huandikwa Mlatino tu, ila jalada la chuo litatunza pande zote mbili.

Ijumaa ilifika, na thelathini na wanane hawajapatikana. Ukawaacha "haijulikani," ukatia saini. Jumatatu ukahamishiwa dirisha la vibali vya kuegesha magari. Ulikaa pale miaka sita, wala hatukukusikia ukinung'unika.

Siku ya kukuosha, karani wa mazishi alimletea binti yako hati ya kifo. Kisanduku cha asili kilikwisha kujazwa: Mweusi, basi.

"Nani amekuambia?" Safiyya aliuliza.

"Nimemtazama marehemu, dada."

"Futa. Uniulize mimi."

Akafuta, akauliza. Akaandika watu wa baba yako, akaandika na Walumbee wa mama yako. Ndipo tukakuzika.

Wakuombeao rehema: mkeo Verdell, binti yako Safiyya, na kaka yako Mustafa. Maadamu tu hai, hutatutoka moyoni.